Dakika Saba Juu ya Ghala la Barafu

Kila siku akitoka shule, Kibibi alipita nyumbani kubadili sare, akala chakula alichofunikiwa na mama, akaosha sahani yake, kisha akateremka gatini. Mama yake ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la barafu. Alivunja mabonge makubwa kwa mtaimbo, naye Kibibi akayafunika kwa maranda ya mbao na magunia ili yasiyeyuke kabla boti hazijaondoka. Vidole vilikufa ganzi, lakini kazi alikuwa ameizoea.

Kibibi halikuwa jina lake la shuleni. Mjomba ndiye aliyempachika jina hilo, kwa sababu tangu ana miaka mitatu alipenda kukaa pembeni akiwatazama wakubwa kama bibi kizee anayehesabu makosa yao. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na tabia ile haikumtoka. Alijua nani hufika gatini amechelewa na kusingizia mvua. Alijua nani huazima ndoo na kuirudisha na tundu. Alijiona ana macho mazuri, na kwa kweli alikuwa nayo.

Boti yao waliachiwa na baba, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa nahodha. Gati lilikuwa ndani ya mto, si ziwani kwenyewe. Asubuhi boti ziliteremka na maji zikaingia ziwani bila taabu. Taabu ilikuwa kurudi, kwa sababu boti ilirudi imejaa samaki na barafu, na maji ya mto yanaisukuma usoni.

Mwaka uliopita, msimu wa mvua, mashine ya boti yao ilishindwa. Ilikuwa mashine yenye nguvu za farasi ishirini na tano, ile ya kufungwa nyuma ya boti na kuzamishwa mguu majini. Ilinguruma nusu saa nzima boti ikiwa imesimama mahali pamoja, mpaka mjomba na mabaharia wake wakamwaga nusu ya samaki ili waokoe roho zao. Baada ya siku ile, mwenyekiti wa gati aliweka sharti. Hakuna boti itakayotoka msimu wa mvua kabla haijapimwa. Ipakiwe mzigo kamili, ipande mto kutoka nguzo ya chini hadi nguzo ya juu, na isizidi dakika sita. Nguzo hizo mbili za zege zilikuwa mabaki ya daraja lililochukuliwa na mafuriko zamani, na kutoka moja hadi nyingine ilikuwa kama urefu wa viwanja vitano vya mpira.

Ndipo mama akachukua mashine kubwa zaidi, ya farasi arobaini. Haikuwa mpya. Aliichukua kwa fundi wa gatini, na walikubaliana kwamba ikishindwa kipimo, fundi ataichukua mwenyewe.

Fundi huyo watu walimwita Fundi Kimya. Alikuja gatini mwaka mmoja tu uliopita, akapewa karakana ndogo karibu na njia ya nyuma, na hakuna aliyejua alitoka wapi. Ukimsalimia alijibu neno moja. Ukimwuliza kazi itaisha lini alijibu, "Ikiisha." Mlango wa karakana yake aliuacha wazi nusu, kama mtu asiyetaka uingie wala asiyetaka useme kwamba amefunga.

Na mashine yenyewe ilitia shaka. Mguu wake ulikuwa wa kijivu, kifuniko cheusi. Juu ya kifuniko pameandikwa arobaini, lakini kila mtu aliona kwamba kifuniko na mguu havikuzaliwa pamoja.

"Imevaa koti la kuazima hiyo," alisema Porojo, baharia wa mjomba, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. "Kifuniko kinasema arobaini. Na mimi nikivaa koti la daktari, mtakubali niwachome sindano?"

Watu walicheka. Kibibi hakucheka. Aliyaweka maneno hayo moyoni.

Siku mbili kabla ya kipimo, alipita njia ya nyuma kuchukua maranda kwa seremala. Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu kama kawaida. Akachungulia. Fundi Kimya alikuwa amechuchumaa kwenye mashine yao, akifungua propela, yale mapanga yanayozunguka majini. Aliitoa, akachukua nyingine chini ya meza, akaifunga mahali pake. Ile ya kwanza akaiviringisha kwenye gunia na kuisukuma pembeni kwa mguu. Kisha akageuka kuelekea mlangoni, na Kibibi akaondoka mbio.

"Mama, fundi ameiba kifaa kwenye mashine yetu," alisema alipofika ghalani, pumzi ikimpaa.

Mama hakuacha kupiga mtaimbo. "Ulimwuliza ni kifaa gani?"

"Hapana."

"Basi umeona fundi akifungua mashine. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Lakini mama, alikificha."

"Alikificha, au alikiweka?"

Moyoni Kibibi hakukubali. Jioni Porojo alipokuja kuchukua barafu, Kibibi alimnong'oneza habari ile ya gunia. Kumwambia Porojo jambo ilikuwa sawa na kulibandika ukutani. Kesho yake asubuhi gati zima lilijua kwamba Fundi Kimya ametoa vitu vya ndani kwenye mashine ya mjane na kuweka vibovu.

Siku ya kipimo ikafika. Mwenyekiti wa gati alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na hakupenda kelele.

"Mwaka jana watu watatu walipima kwa simu zao, tukapata majibu matatu, tukagombana mpaka jioni," alisema. "Leo atapima mtu mmoja. Namtaka asiye na upande."

Watu walitazamana. Mjomba alikuwa upande wa mnunuzi. Porojo alikuwa baharia wake. Waliobaki walikuwa wameshakula kiapo kwamba mashine ni mbovu.

"Mwite Kibibi," mtu mmoja alisema. "Shuleni ndiye anayepima mbio siku za michezo."

"Vizuri. Mtoto hana upande," alisema mwenyekiti.

Kibibi alipewa saa ya michezo, ile ya kubonyeza ianze na kubonyeza isimame, akapanda ngazi hadi juu ya paa bapa la ghala la barafu. Kutoka pale nguzo zote mbili zilionekana. Walipatana kwamba mtu wa mbele ya boti atainua kitambaa chekundu pua ya boti ikifika nguzo ya chini, kisha akishushe. Usukani alishika mjomba. Fundi Kimya alikataa kupanda botini. "Msije mkasema niliigusa," alisema, akasimama peke yake kando ya watu.

Kwanza walipima boti ikiwa tupu. Kitambaa kikainuka, Kibibi akabonyeza. Pua ya boti ilipofika nguzo ya juu, akabonyeza tena.

"Dakika tatu na sekunde ishirini," alisema kwa sauti kubwa, na mwenyekiti akaandika katika daftari la gati.

Manung'uniko yakaanza hapo hapo. Wiki iliyotangulia ile mashine yao ya zamani ilipimwa na boti tupu vivyo hivyo, ikapata dakika tatu na sekunde kumi.

"Arobaini inashindwa na ishirini na tano," alisema Porojo. "Labda farasi wake wamelala."

Fundi Kimya hakugeuza hata kichwa. "Pakieni," alisema.

Wakapakia viroba vya mchanga na madumu ya maji mpaka boti ikazama kiasi inavyozama ikijaa samaki. Mjomba akaiteremsha mto, akapita nguzo ya chini, akaenda mbali kidogo ili ageuze.

Juu ya paa, Kibibi alishika saa tayari. Ndipo alipomwona Fundi Kimya akijitenga na watu. Alikuwa anatembea haraka kuelekea karakana. Akaingia, akatoka na gunia kwapani, akashika njia ya nyuma.

Kibibi alilitambua. Ni lile gunia. Anaondoka nalo watu wote wakiwa wametazama mtoni. Alisimama, akasogea upande wa pili wa paa, akainama ili aone vizuri. Fundi alifika kwenye kona ya seremala, ambako mtu mwenye baiskeli alikuwa anamsubiri. Wakaongea kidogo. Gunia likafungwa nyuma ya baiskeli, na baiskeli ikaondoka.

Kibibi akageuka kutazama mto. Boti ilikuwa imeshapita nguzo ya chini, tena si kidogo. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeshushwa. Akabonyeza saa haraka, kama vile haraka ingerudisha kitu.

Boti ilipanda taratibu, maji meupe yakichemka nyuma yake. Ilipofika nguzo ya juu akabonyeza. Saa ilionyesha dakika tatu na sekunde arobaini.

"Haya, mjukuu, ngapi?" mwenyekiti aliuliza kutoka chini.

Watu wote waliinua nyuso. Kibibi aliona meno ya Porojo, aliona mama yake amesimama mlangoni na mtaimbo mkononi. Alitaka kusema hakuona mwanzo. Lakini wangemwuliza alikuwa anatazama wapi, na mbele ya gati zima ingejulikana kwamba mwenye macho mazuri amepitwa na boti nzima. Akaanza kukisia. Alikuwa ametazama upande wa pili kwa muda gani? Dakika moja? Mbili? Mashine ni mbovu, alijiambia, hilo linajulikana, kwa hiyo lazima ilichukua muda mrefu. Akaongeza tatu na nusu.

"Dakika saba na sekunde kumi."

Hakujihisi mwongo. Alijihisi anausaidia ukweli ambao watu wote wanaujua.

Mjomba alifunga boti, akaja akiwa amekunja uso. "Saba? Una hakika, Kibibi? Mikononi mwangu niliiona inavuta."

"Ndiyo, mjomba."

Mjomba alimtazama, kisha akatazama ile mashine ya mguu wa kijivu. "Basi mikono imenidanganya," alisema.

Fundi Kimya alirudi akakuta hukumu imeshapita. "Saba?" aliuliza. "Pimeni tena."

"Tukipima mpaka upate unachotaka, hatutamaliza leo," mwenyekiti alijibu. "Kuna kifaa ulitoa kwenye mashine hii. Ulionekana."

"Nilibadili propela. Kwa ajili ya mzigo."

"Umebadili mashine ikawa dhaifu kwa ajili ya mzigo," alisema Porojo. "Ukinibadilia na mimi miguu, fundi, nitafika nyumbani kesho kutwa."

Kicheko kilizima maneno ya fundi, kama yalikuwapo mengine. Mwenyekiti akafunga daftari. "Jumamosi asubuhi urudishe ufunguo wa karakana mbele ya watu. Hapa hatukai na fundi anayecheza na roho za wavuvi."

Jioni ya Ijumaa, mama alimpa Kibibi spana. "Mrudishie fundi. Niliiazima nikaze bawaba ya mlango. Asije akaondoka akasema mimi nimebaki na chake."

Kibibi alikwenda akiburuta miguu. Safari hii mlango wa karakana ulikuwa wazi wote. Fundi Kimya alikuwa amekaa juu ya debe, akifuta spana zake moja moja kwa kitambaa na kuzipanga katika sanduku la mbao, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Ukutani zilibaki alama za mahali zilipokuwa zimetundikwa.

"Shikamoo, fundi. Mama amerudisha spana."

"Marahaba. Weka hapo."

Kibibi aliiweka. Angeweza kuondoka, lakini jambo lile lilimkwaruza rohoni. "Fundi, lile gunia lilikuwa na nini?"

Alidhani atafukuzwa. Badala yake fundi akainuka, akachukua propela mbovu iliyokuwa pembeni, panga lake moja limepinda.

"Propela iliyokuja na mashine yenu ilikuwa kama hii. Tazama mapanga yalivyolala. Hii ni ya boti nyepesi ya mbio. Una baiskeli?"

"Ya mjomba."

"Ina gia?"

"Ndiyo."

"Ukipanda mlima na gunia la mkaa nyuma, unaweka gia gani?"

"Nyepesi."

"Utakimbia?"

"Hapana. Lakini nitafika."

"Na ukiweka ile ya mbio?"

"Miguu itashindwa, baiskeli itasimama."

"Basi. Niliwafungia ya kupandia mlima. Boti ikiwa tupu haikimbii. Ikiwa na mzigo haisimami. Ile nyingine nilimpa mwenye boti ya abiria wa ng'ambo. Kwa ruhusa ya mjomba wako, mwulize."

Kibibi hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alisimama akiitazama ile propela iliyopinda, na kila kitu alichokiona siku zile kikaanza kujipanga upya kichwani mwake bila yeye kutaka.

"Kwa nini hukuwaeleza watu?"

"Niliwaeleza. Kwa kifupi." Fundi akarudi kukaa. Akafuta spana aliyokuwa ameshaifuta. "Wewe ndiye uliyekuwa juu. Uliiona nguzo ya chini?"

"Niliiona," Kibibi alisema. Na kweli, nguzo aliiona. Boti ndiyo hakuiona.

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole. Hakukasirika. "Basi sawa. Miaka ishirini nimeisikiliza mashine kwa masikio, na siku ile nilisikia inavuta vizuri. Labda masikio yamechoka. Labda nimekosea mimi."

Kibibi alitoka pale bila kuaga. Njia nzima alijitahidi kumtilia shaka tena. Huenda ni mjanja. Huenda habari ya gia ni ya kuwalaghai watoto. Lakini kila alipojaribu, aliyemwona mbele yake hakuwa fundi. Alimwona msichana aliyeinama juu ya paa, amempa mto kisogo.

Mezani mama alishukuru Mungu kwa chakula, wakaanza kula.

"Ulimpa spana?"

"Nilimpa."

"Akasemaje?"

"Alisema labda amekosea yeye." Kibibi alirudisha tonge kwenye sahani. "Hakukosea, mama. Mimi sikuona boti ikipita nguzo ya chini. Nilikuwa namwangalia yeye. Zile dakika saba nilizitunga."

 Mama alinawa mikono ingawa hakuwa amemaliza kula.

"Kwa nini hukusema hukuona?"

"Nilijua mashine ni mbovu."

"Ulijua?"

Kibibi alitazama chini. "Nilidhani."

"Mwenyekiti alisema mtoto hana upande, na mimi mama yako nilisimama pale nikanyamaza, nikijua una upande tangu siku ya gunia. Hilo ni langu, nitalijibu mwenyewe." Mama akavuta pumzi. "Lako utalisema kesho, mbele ya watu wale wale. Nitasimama karibu nawe, lakini mdomo utakuwa wako."

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko siku ya kipimo. Fundi Kimya alisimama mbele, sanduku lake la mbao miguuni, ufunguo mkononi. Mwenyekiti alikuwa ameshanyoosha mkono kuupokea wakati Kibibi aliposogea.  Alitazama nyuma, mama alikuwepo, hatua moja tu.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Zile dakika saba si za kweli."

 Akaeleza yote: gunia, baiskeli, boti iliyokuwa imeshapita, hesabu aliyoongeza kichwani. Alieleza pia kwamba habari za kifaa kuibwa zilitoka kwake.  Porojo alianza kurudi nyuma hatua moja moja. Mjomba alikuwa ameshika kichwa. "Na propela aliniomba ruhusa," alisema taratibu. "Nikamwambia fanya. Mlipoanza kelele, nikaona haya kusema."

Uso wa mwenyekiti ulikuwa umejaa hasira, lakini sauti haikupanda. "Tutapima upya. Safari hii nitamtafuta mtu mzima."

"Apime yeye," alisema Fundi Kimya.

"Huyu huyu aliyekuharibia?"

"Leo hakuna mwenye sababu kubwa kuliko yake ya kuangalia."

Watu walitazamana. Mwenyekiti akakuna kidevu, kisha akatoa saa mfukoni na kumpa Kibibi. "Twende. Tutakuwa wote juu."

Viroba na madumu vikapakiwa tena. Kibibi alikaa ukingoni mwa paa, mwenyekiti nyuma yake akihema kwa sababu ya ngazi. Boti ikateremka, ikageuka. Chini kulikuwa na watu wanaosukumana, mtu fulani akapiga mluzi, lakini Kibibi hakuondoa macho kwenye nguzo. Na hata hapo shaka haikumwacha. Je, kama ni saba kweli? Kama fundi amekosea, au ni mjanja kuliko wote? Atalazimika kusema saba mbele yake mara ya pili. Alijiambia: nitasema kitakachokuwa kwenye saa.

Pua ikafika nguzo ya chini, kitambaa chekundu kikainuka, akabonyeza.

Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Maji ya mto yalikuwa mengi kuliko siku ile nyingine, mekundu kwa udongo. Katikati, mahali ambapo mwaka jana boti ilikwama, pua ilipungua kasi kidogo, na Kibibi akasikia mwenyekiti anaacha kuhema. Mashine ikabadili sauti, ikawa nzito, na boti ikaendelea kupanda kama mtu mwenye mzigo anayejua anakokwenda. Nguzo ya juu. Akabonyeza.

 Alimpa mwenyekiti saa asome mwenyewe.

"Dakika tano na sekunde ishirini na nne," mwenyekiti alisema kwa sauti ya gati zima kusikia. Akashuka ngazi taratibu, akamwendea Fundi Kimya, na kwa mkono wake akamkunjia vidole juu ya ule ufunguo. "Tulitaka kusikia saba, ndiyo maana hatukuuliza mara ya pili. Tuwie radhi, fundi."

Mjomba naye aliruka kutoka botini. "Fundi, mikono yangu ilijua. Nikaikana."

Fundi Kimya alimtazama, akamtazama na Porojo aliyekuwa amejificha nyuma ya mtu mfupi kuliko yeye. "Mafuta mchanganye na oili vizuri," alisema, akabeba sanduku lake kurudi karakana.

Mwenyekiti alifungua daftari. Kibibi aliomba ule ukurasa wa kipimo cha kwanza uchanwe. "Hauchanwi," mwenyekiti alijibu, akampa kalamu. Kibibi akaandika chini ya zile dakika saba: Hiki kipimo si cha kweli. Sikuona mwanzo. Akaweka jina lake la shuleni.

Waliporudi ghalani, mama alichukua mtaimbo, lakini hakuuinua.

"Mwanangu, kumtilia mtu shaka si dhambi. Mimi nashika ufunguo wa watu, kila siku namtilia shaka kila anayeingia hapa, na sioni haya. Lakini shaka ni ya kukufanya uangalie mara mbili. Wewe ilikufanya usiangalie kabisa, kisha ikajaza yenyewe pale ambapo macho hayakuwepo. Mungu hakutuumba tuone kila kitu. Ukiulizwa jambo ambalo hukuliona, sema sikuona. Utaona aibu kidogo, aibu itapita. Ule uongo wako ulikuwa unaondoka na karakana ya mtu."

"Nimekuelewa, mama. Sitarudia."

"Najua. Ila hujamaliza." Mama akaonyesha kwa mtaimbo boti zilizofungwa kwenye gati, kumi na mbili kwa safu, na mabaharia wakitengeneza nyavu. "Waliokuwepo asubuhi wamesikia. Hawa waliokuwa ziwani bado wanaye mwizi wa vifaa vichwani mwao, na aliyemweka humo ni wewe. Barafu nitafunika mwenyewe leo."

Kibibi alipangusa maranda mikononi. Akashuka kwenda kwenye boti ya kwanza, akasimama mpaka nahodha wake akainua kichwa.

"Shikamoo, nahodha," alisema. "Nina neno kuhusu Fundi Kimya."